Theluji Haianguki Rumonge: Kuieleza kwa Kiswahili Safari Fupi ya Wawili ya Mwisho wa Mwaka

Miongoni mwa matini tunazowapa wanafunzi wa somo la tafsiri, zile za utalii ndizo zinazoonekana nyepesi kuliko zote, na ndizo zinazowaangusha wengi. Chukua kwa mfano karatasi ya matangazo ya Kifaransa inayowaalika watu wawili, mume na mke au wapenzi, kwenda kulala siku mbili katika mji wa Ulaya mwezi wa Desemba: taa barabarani, soko la Krismasi, divai ya moto, theluji, chumba chenye kitanda kimoja kikubwa, kisha treni ya kurudi nyumbani Jumapili jioni. Sarufi yake haina fundo. Msamiati wake wote umo katika kamusi. Hata hivyo, mwanafunzi aliyezaliwa Rumonge akimsomea mama yake tafsiri yake, mama atamsikiliza hadi mwisho na kuuliza: hawa watu wanakwenda kwa nani?

Swali hilo si la ushamba. Limegusa mahali penyewe ambapo tafsiri imekatika. Katika makala haya tunakusudia kueleza ni vipi jambo hili, yaani safari fupi ya watu wawili wakati wa sikukuu za mwisho wa mwaka, linaweza kusemwa kwa Kiswahili kinachoeleweka mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, na kwa nini baadhi ya maneno yaliyomo katika kamusi zetu hayafai huko hata kidogo.

Jambo lenyewe si la darasani tu. Kwa miaka ya karibuni mwambao huu, kuanzia Kabezi na Gitaza hadi Magara, Minago, Rumonge na kusini zaidi Nyanza-Lac, umekuwa mahali ambapo watu wa Bujumbura, na hata wa Gitega, hushuka kupumzika siku mbili tatu. Hoteli zimejengwa kando ya maji. Hoteli zinahitaji matangazo, orodha za vyakula, maelekezo ya vyumba, na mtu wa kupokea simu. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya Jumuiya hiyo mwaka 2021. Mgeni anaweza kutoka Kigoma, Mwanza au Nairobi. Kazi ya kumwandikia mgeni huyo itawaangukia wanafunzi wetu. Nao wanaingia kazini wakiwa na mzigo mwingine: katika Kirundi cha mitaani kumwita mtu "umuswahili" si sifa kila mara, maana neno hilo hubeba fikra ya mtu mjanja, mwenye maneno mengi na ukweli mchache. Tangazo la Kiswahili lililoandikwa ovyo huwapa nguvu wenye fikra hiyo.

Kwanza Ulaya yenyewe

Huwezi kutafsiri jambo usilolijua sababu yake. Safari ya siku mbili ya watu wawili haikuzaliwa na mapenzi, ilizaliwa na reli na mipaka. Mkataba wa Schengen ulitiwa sahihi tarehe 14 Juni 1985, na ukaguzi wa pasipoti baina ya nchi za kwanza ukaondolewa Machi 1995. Treni ya Eurostar ilianza kupita chini ya bahari kuziunganisha London, Paris na Brussels mwezi Novemba 1994. Noti na sarafu za euro ziliingia mifukoni mwa watu Januari 2002. Ongeza hapo ndege za bei nafuu, na mshahara unaoendelea kulipwa mtu akiwa likizoni. Ndipo karani wa Lille anapoweza kutoka kazini Ijumaa, akalala mara mbili Brussels pamoja na mkewe, na Jumatatu asubuhi akawa mezani pake. Kutoka Lille hadi Brussels ni kilomita kama 100. Kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni kama 75. Kwa hiyo umbali si tofauti kubwa baina yetu na wao.

Tofauti kubwa ni giza. Desemba mjini Brussels jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na joto la mchana huwa nyuzi tano au sita. Mtu huingia kazini gizani na kutoka gizani, wiki baada ya wiki. Masoko ya Krismasi, ambayo ni ya zamani sana (la Dresden huko Ujerumani huhesabiwa tangu mwaka 1434, na la Strasbourg, Ufaransa, tangu 1570), yanapendwa kwa sababu yanawasha taa wakati ambapo mbingu imezizima. Mwanafunzi anayeisoma matini kwa makini ataona kwamba neno lake kuu si theluji. Theluji mara nyingi haipo kabisa katika miji hiyo siku ya Krismasi. Neno kuu ni mwanga.

Ndugu zetu waliohamia Ubelgiji wanayajua haya kwa ngozi zao. Kwa aliye Bujumbura, ada ya viza ya Schengen peke yake ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na wawili ni 180, kabla ya tiketi ya ndege na kabla ya kusubiri jibu. Tuiache Ulaya hapo.

Baridi iko mahali, haiko mwezini

Wanafunzi wanaopenda Kiswahili cha vitabu huandika "kipupwe" wanapokutana na majira ya baridi ya Ulaya. Neno ni zuri, lakini lina kalenda yake. Kwa mtu wa pwani, kipupwe ni kibaridi cha Juni hadi Agosti, wakati kusi inavuma. Desemba kwake ni mwanzo wa kaskazi, na joto linapanda. Kumwambia Mzanzibari kwamba Krismasi huja wakati wa kipupwe ni kumvurugia mwaka mzima. "Majira ya baridi" ni salama zaidi, kwa sababu hayamfungi msomaji kwenye upepo wowote anaoujua.

Hata hivyo, usalama huo unatosha tu pale tunapoieleza Ulaya. Tukitaka kuandika juu ya Rumonge, lazima tuanze upya. Mwaka wa Rumonge una mvua na una ukavu. Mvua huanza Septemba au Oktoba na kuendelea hadi Mei, ikipungua kidogo karibu na Januari. Ukavu ni Juni hadi Agosti, na Warundi huuita "ici". Waswahili wengi wa bara huuita kiangazi, jambo linalomshangaza tena mtu wa pwani ambaye kiangazi kwake ni jua kali la Januari na Februari. Desemba basi iko katikati ya mvua. Mchana joto hufika nyuzi 28 au 29, mawingu hujikusanya juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na jioni mvua hupiga mabati.

Je, baridi haipo Burundi? Ipo, tena ya kutosha. Lakini haiji na mwezi, bali imekaa mahali. Mtu wa Rumonge akitaka kuvaa sweta hasubiri Desemba, anapanda Bururi. Ziwa liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na milima iliyo nyuma ya mji inakwea hadi karibu mita 2,000. Ndani ya saa chache mtu anaweza kutoka kwenye michikichi na kufika kwenye chai na ukungu. Kwa hiyo kinachomfanya Mzungu asubiri miezi sita, Mrundi hukipata kwa kupanda au kushuka gari. Hapa ndipo tafsiri inapopata njia yake: "kuikimbilia jua" kwetu ni kushuka Imbo.

Na kushuka Imbo si jambo dogo. Imbo ni jina la ukanda wa chini ulio kando ya ziwa na ya mto Rusizi. Zamani watu wa milimani waliuogopa kwa joto lake na kwa malaria. Aliyeshuka alishuka kwa haja, kutafuta chumvi, samaki au kibarua, na alirudi juu mapema alivyoweza. Kwamba leo mtumishi wa Gitega analipa pesa zake ili yeye na mkewe walale Imbo kwa raha zao ni mageuzi ambayo msamiati wetu bado unayakimbiza kwa nyuma.

Tuongeze dokezo moja kwa wapendao asili ya maneno. Theluji ni neno lililotoka katika Kiarabu. Barafu lilitoka katika Kiajemi, na huko lilikotoka maana yake hasa ni theluji. Waswahili, ambao hawakuwa na haja ya theluji, walilipokea neno wakalipa kazi ya kile kinachouzwa sokoni siku ya joto. Huo nao ni mfano mzuri wa tafsiri iliyofanywa na watu wenye akili zao.

Kutembea, kusafiri na kukimbia

Tunafika sasa kwenye fundo lenyewe. Kifaransa cha utalii kinapenda sana kitenzi "s'évader", yaani kutoroka, kujinasua na kazi na mji. Wanafunzi hukitafsiri kwa uaminifu: "Kimbieni wawili wawili!" au "Toroka na mpenzi wako mwisho wa mwaka huu." Kisarufi hakuna kosa. Mbele ya mtu wa Rumonge, ni sentensi isiyosemeka.

Tarehe 29 Aprili 1972 mashambulizi yalianza upande huu, Rumonge na Nyanza-Lac. Mauaji ya kulipiza yaliyofuata yakaenea nchi nzima kwa miezi kadhaa. Watu wa mwambao walikimbia, wengine kwa miguu kuelekea kusini, wengine kwa mitumbwi usiku. Wengi waliishia Tanzania, katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na huko wakazaa na kulea watoto waliosoma kwa Kiswahili. Vita iliyoanza mwaka 1993 ikafukuza wengine. Mwaka 2015 makumi ya maelfu walijikuta tena katika kijiji cha Kagunga, kwenye ufukwe mwembamba wa Tanzania, wakingoja meli ya MV Liemba iwavushe hadi Kigoma. Baadhi ya waliorejea tangu miaka ya 2000 walikuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wengine, na kesi za ardhi za Rumonge zinajulikana nchi nzima. Katika mwambao kama huu, kufunga mfuko jioni na kutoka wawili bila watoto ni picha ambayo watu wanayo tayari vichwani, nayo haina taa za Krismasi. Kitenzi "kukimbia" kina watoto wake: mkimbizi, wakimbizi, kukimbizwa. Huwezi kukiweka juu ya picha ya kitanda chenye maua ukadhani msomaji ataliona ua kwanza.

Neno "safari" nalo, ingawa limezunguka dunia na kuvaa kofia ya mtalii, kwetu lina uzito wa kazi. Wafanyabiashara wa Ujiji waliofika pwani hii katika karne ya 19 walisafiri. Wavuvi na wachuuzi wa dagaa husafiri. Pale Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, lipo jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wanafunzi wengi hudhani ndipo walipokutana mara ya kwanza, kumbe walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji, na hapa Mugere walipita tu wakilichunguza ziwa upande wa kaskazini. Walilala mara mbili na kuondoka. Tukitaka utani, hao nao walikuwa wageni wawili waliolala siku mbili ufukweni, ingawa hawakuwa fungateni.

Kiswahili kina neno lililo tayari kwa safari isiyo na haja, nalo ni "kutembea". Mtu akisema "nakwenda kutembea Rumonge", amekwisha kukuondolea wasiwasi: hakuna msiba, hakuna mgonjwa, hakuna biashara, hakuna anayemfukuza. Lakini, na hapa ndipo swali la mama linapopata maana yake, anayekwenda kutembea kwa kawaida hutembelea. Huwa yuko mwenyeji. Mgeni hubeba kitu mkononi akienda, na akirudi hubebeshwa samaki au chupa ya mawese. Kulala katika mji ambao huna mtu, ukalipa ili ulale, ni jambo ambalo "kutembea" peke yake hakulielezi. Ndiyo maana tunashauri kulitaja waziwazi: "kwenda kutembea na kulala hotelini". Ni maneno matano badala ya moja, na msomaji hatauliza tena kwa nani.

Kuhusu lengo la safari, "starehe" huleta mushkeli, kwa kuwa katika Kiswahili cha mijini mtu wa starehe ni mtu wa baa. "Burudani" huleta muziki akilini. "Likizo" inaeleweka, ijapokuwa wengi wa Bujumbura watakuambia "vakansi". Sisi tunaona hakuna usemi unaolifikia ziwa kama "kupunga upepo". Ni wa zamani, ni wa heshima, unamfaa kijana na mzee, tena unasema ukweli: jioni upepo wa ziwani ndio hasa unaomleta mtu wa mjini.

Hao wawili ni nani?

Kamusi hutoa "jozi". Jozi ni ya viatu. "Wanandoa" ni neno sahihi la sheria na la mahubiri, na linamfungia mlango asiyeoa bado. "Wapenzi" linafungua mlango mpana mno: baba wa makamo aliyetoka Bururi na mkewe wa miaka 25 hatajiona ndani yake, na huenda akaona haya kulisoma kwa sauti. "Wachumba" ni wale walioposana. Suala hili halikosi uzito nchini mwetu. Mwaka 2017 serikali iliwataka wote walioishi pamoja bila ndoa wawe wameirasimisha kabla ya tarehe 31 Desemba mwaka huo, na maarusi wengi walipita mbele ya ofisa wa serikali katika miezi hiyo. Mwenye hoteli anajua kwamba neno atakaloliweka kwenye tangazo linasema pia nani anakaribishwa na nani atatazamwa kwa jicho la pembeni.

Mwambaoni wenyewe, watu wawili walio pamoja hawaitwi kwa uhusiano wao. Huitwa kwa mtoto wao: Baba Fulani na Mama Fulani. Desturi hiyo inafanya safari ya wawili peke yao iwe ngumu hata kuitaja, maana jina lenyewe limekwisha kumleta mtoto. Kabla ya watoto kuna fungate, ile wiki ya maarusi baada ya harusi, na neno hilo lina ukoo na neno la saba katika lugha kadhaa za Kibantu, kama vile Kizigua. Fungate lina heshima na lina mpaka wake. Baada ya hapo Kiswahili cha jadi hakikuwawekea mume na mke siku zao wenyewe.

Pendekezo letu ni "mtu na mwenzake", au pale panapohitaji adabu zaidi, "wewe na mwenzi wako". Hayaulizi cheti, hayachekeshi, na kila mtu anajiona ndani. Mapokezini, basi, mwanafunzi hatauliza "Je, ninyi ni wanandoa?" Atasema, "Karibuni. Mko wawili?" Wao watajibu "Tuko wawili", na tunaomba mwalimu asiyekuwapo pale asitoke mbio kusahihisha kuwa "tupo". "Tuko" ndiyo inayosemwa Rumonge, Bujumbura, Bukavu na hata Nairobi.

Noheli, Ubunani na siku za katikati

Kirundi kinazo Noheli na Ubunani. Neno hili la pili lilitokana na salamu ya Kifaransa ya heri ya mwaka mpya, kama vile "bonane" ya Kiswahili cha Kongo. Mwanafunzi anaweza kuandika Krismasi na Mwaka Mpya, lakini akumbuke kuwa msomaji wake wa Rumonge huwa anasema Noheli hata anapozungumza Kiswahili. Wengi mjini humo ni Waislamu, na siku yao kubwa ni Idi, ambayo ni sikukuu ya taifa nchini Burundi na haifungamani na mwezi wowote wa Kizungu. Na asidhani kwamba mwaka mpya wa Waswahili wote ni Januari: Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, husherehekewa Julai, katikati ya kipupwe kile tulichokitaja.

Noheli ni ya watoto, kwa nguo mpya na wali. Ubunani ni ya kutembeleana: ndugu, wakwe, majirani. Mtu aliyekosekana nyumbani siku hizo mbili atatafutwa. Kwa hiyo wengi tunaowafahamu wanaoshuka Rumonge na wenzi wao huchagua siku za katikati, baina ya tarehe 26 na 30, watoto wakiwa wamebaki kwa bibi. Tangazo linalomwalika mtu na mwenzake kulala hotelini usiku wa Noheli linamwomba aache jambo asiloweza kuacha. Lile linaloanza tarehe 26 linamwalika mtu aliyechoka.

Usiku upi, na saa ngapi?

Hapa tungependa msomaji awe makini, kwa kuwa pesa hupotea hapa. Kwa Waswahili wa zamani, na hadi leo kwa wazee wengi Waislamu, siku huanza jua likichwa. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa, yaani Alhamisi jioni. Kijana aliyesoma shule ya Kifaransa huhesabu kinyume: kwake usiku wa Ijumaa ni Ijumaa yenyewe ikishaingia giza. Mzee wa Buyenzi akipiga simu kuomba chumba "usiku wa Jumamosi", na kijana wa mapokezi akaandika Jumamosi, mzee atafika na mama watoto siku moja kabla na kukuta chumba kina watu. Wote wawili wamesema Kiswahili sahihi.

Dawa yake imo ndani ya lugha yenyewe: "usiku wa kuamkia". Usiku wa kuamkia Jumapili hauwezi kuwa mwingine. Vivyo hivyo usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari. Neno "mkesha" linafaa pia, lakini liachwe kwa usiku ambao watu hawalali, kanisani au kwenye ngoma. Mtu aliyelipia kitanda hakuja kukesha.

Saa nazo zina mtego wake. Burundi huandika kwa Kifaransa na kusema kwa Kiswahili au Kirundi. Karatasi inasema 14h, mdomo unasema saa nane. Ikiandikwa "chumba kinapatikana saa 2" bila neno jingine, mmoja atakuja asubuhi na mwingine mchana. Iandikwe saa ya Kiswahili pamoja na sehemu ya siku, na tarakimu za Kizungu ziwekwe kando yake, kila mara, hata kama zinaonekana kurudia. Na zihesabiwe nyakati za kulala, si siku. Watu wa huku wanasema "tutalala mara mbili", na hesabu hiyo haina ubishi.

Mambo ambayo tangazo lisiyafiche

Karatasi za Ulaya hazitaji tope. Sisi hatuna budi. Barabara ya taifa nambari 3 inapita baina ya mlima na ziwa, na mvua za Desemba huweza kuporomosha udongo juu yake. Maji ya ziwa yalipanda sana katika miaka iliyoishia 2024, hadi kiwango kinacholinganishwa na kile cha mwaka 1964, yakameza fukwe, nyumba na baadhi ya hoteli zenyewe. Picha ya mchanga mweupe iliyopigwa mwaka 2015 inaweza kuwa picha ya mahali palipofunikwa na maji. Petroli imekuwa adimu mara nyingi katika miaka ya karibuni, na mgeni anapaswa kujua kama atapata ya kumrudisha. Viboko na mamba wapo, na pa kuogea pawe pale wenyeji wanapoogea. Aidha, anayeandika anwani akumbuke kwamba Rumonge ilikuwa makao makuu ya mkoa wake tangu 2015 hadi mageuzi ya mwaka 2025, na sasa imo katika mkoa wa Burunga.

Yaliyo mazuri hayahitaji kutiwa chumvi: mukeke wa kuchoma, ndagala mbichi, mawese ya mjini humo, msitu wa Kigwena upande wa kusini, maji ya moto ya Mugara, na usiku taa za wavuvi zilizotandaa ziwani. Kama kuna mahali mwanafunzi anaweza kuuleta ule mwanga wa soko la Strasbourg bila kuuigiza, ni hapo. Kwa maoni yetu, tangazo linaweza kusomeka hivi:

"Sikukuu zimekuchosha? Shuka Imbo wewe na mwenzi wako mje kupunga upepo. Njooni kutembea Rumonge na kulala hotelini mara mbili, kuanzia usiku wa kuamkia tarehe 27 Desemba. Chumba kiko tayari saa 8 mchana (14:00). Jioni kuna mukeke wa kuchoma, na mkikaa uani mtaziona taa za wavuvi. Ni wakati wa mvua: chukueni mwavuli, na mtupigie simu kabla ya kuondoka tuwaambie hali ya barabara. Watoto wakikataa kubaki kwa bibi, waleteni."